Taa ya Kifuani mwa Mzee Bati

Wangeci wa Muchiri hakuzaliwa mwoga. Waliosoma naye shule ya msingi, kule kwenye laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi wa chai, wanamkumbuka akimfukuza nyoka darasani kwa ufagio huku mwalimu amesimama juu ya dawati. Woga ulimwingia akiwa mtu mzima, ule mwaka wa kura mbaya, ukakaa ndani yake kama moshi unavyokaa kwenye sweta. Unaifua, unaianika, siku ya mvua unausikia tena.

Baba yake alitoka Nyeri na sanduku la bati akaja kuchuna majani chai. Mama yake alimfuata, na Wangeci akazaliwa palepale laini. Akafundishwa kupeleka mkono chini ya rundo la majani na kuyainua kutoka chini, kwa sababu mchunaji mjanja huweka mazuri juu na kuficha magumu chini. Akafundishwa pia kwamba kitu chenye macho hakihesabiwi. Ng'ombe wa jirani unawaona, lakini hujui ni wangapi. Ukiulizwa watoto wako ni wangapi, unajibu, "Wapo." Mama yake alikuwa na kaka aliyehesabu mbuzi kwa sauti mbele ya wageni, na kabla mwezi haujaisha chui aliwamaliza. Wangeci alisikia habari ya mbuzi hao mara nyingi sana hata akawa anaona rangi zao.

Aliolewa na Muchiri, muuza viatu wa Kapkatet, wakanunua kishamba kinachopakana na chai ya Tabutany, mama Mkipsigis ambaye watu walimwita Kogo, yaani nyanya. Mwaka wa kura mbaya kibanda chao cha viatu kilichomwa, na nyumba ikafuata. Kogo Tabutany aliwaficha jikoni kwake, nyuma ya magunia, akasimama mlangoni na kibuyu cha maziwa mkononi. Vijana waliokuwa wakichoma walipomuuliza nani yumo ndani, alisema, "Mimi na paka." Wakaenda zao. Muchiri alikufa miaka mingi baadaye, kitandani mwake, kwa ugonjwa wa kawaida, na mpaka siku hiyo akimwona Kogo alikuwa anavua kofia. Lakini Wangeci hakujua kuvua kitu. Kila alipomsalimu yule mama juu ya ua wa michongoma, moyo wake uliinama, na aliogopa siku ambayo atamkosea.

Sanamu zilianza baada ya moto. Aliporudia biashara yake ya mitumba, katika beli ya nguo za watoto alikuta soksi yenye kitu kigumu ndani. Akaitikisa, akaanguka mtu mdogo wa plastiki mwenye helmeti, urefu wa kiganja, viungo vyake vikizunguka magotini na viwikoni. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa. Wangeci alimtazama akaona huyu ni mtu asiyeogopa. Hakumuuza. Alimweka dirishani.

Ndipo alipoanza kuzitafuta. Wenzake sokoni walifungua beli wakitafuta makoti. Yeye alipapasa chini kabisa, penye takataka za watoto wa ng'ambo, na kuwatoa watu wake. Kwa kuwa hakuweza kukadiria mtu asiyemjua, alikwenda duka la sinema na kununua zile filamu ambazo dijei anatafsiri juu ya maneno ya Wazungu, akaketi kwenye kiti cha Muchiri na kuzitazama mpaka mwisho. Majina aliyoyajua ni yale ya dijei. Yule wa helmeti alikuwa Rubani Kichwa Ngumu. Mwanamke mwenye joho la kijivu alikuwa Malkia Moshi. Na lile jitu la chuma lenye kifua kipana, linalowaka taa nyekundu kabla ya kupiga, dijei aliliita Mzee Bati.

Mtu pekee aliyemwelewa alikuwa Ongeri, kinyozi wa pale stendi, mwenye asili ya Kisii, ambaye alikuwa na sanamu zake juu ya kioo cha kunyolea. Wateja walimcheka, naye alikuwa anawaambia, "Cheka na kichwa kimetulia, wembe uko hapa." Siku za soko walibishana, yeye na Wangeci, kama wanunuzi wa ng'ombe. Wangeci hakuanza na uso wa sanamu kamwe. Alimgeuza, akasoma muhuri ulio chini ya mguu, akanusa plastiki, akakunja goti akisikiliza kama linalia. Kisha akatazama rangi kwenye mikunjo ya kwapa, pasipofikiwa na jua, kujua kama ni ya kwanza au imepakwa upya. Silaha lazima iwe yake mwenyewe, si ya kuazima. Na kama mtu alikuwa wa kuwaka taa, lazima awake.

"Sanamu ya taa isiyowaka ni maiti," Ongeri alipenda kusema.

"Basi mfufue," Wangeci alimjibu, na Ongeri alitoa bisibisi yake ndogo na kuweka betri.

Jumanne moja ya masika, Chepkirui alimleta mtoto wake kama kawaida. Chepkirui alikuwa mke wa mwana wa Kogo. Mumewe alifanya kazi Nakuru, na asubuhi Chepkirui na mkwewe walichuna majani. Mtoto aliitwa Chelangat, Chela kwa kifupi, bado hajafika miaka mitatu, mwenye mashavu ya kubanwa. Alimwita Wangeci "Shosho", nyanya kwa Kikikuyu, na alikuwa anaingia nyumba ile bila kubisha, akipita kati ya miguu ya watu kama paka.

Siku hiyo beli ilikuwa imeleta Mzee Bati si mmoja. Sijui ni mtoto gani huko ng'ambo alimpenda jitu huyo kiasi hicho. Wangeci alitandaza gunia sakafuni akawamwaga wote hapo, kama majani yanavyomwagwa mezani pale kituo cha kupimia, akaanza kupeleka mkono chini. Ongeri alikuja kabla ya kufungua duka lake, na kadi ya betri mfukoni, zile bapa za duara, pana kama shilingi. Juu ya kadi palichorwa mtoto mwenye mkono mdomoni, na mstari mwekundu umemkata katikati.

"Huyu amefanya nini?" Wangeci aliuliza.

"Wanasema asicheze nazo. Wazungu huandika hata kwenye kikombe kwamba chai ni moto." Ongeri alifungua mgongo wa Mzee Bati wa kwanza. "Haya, huyu moja, huyu mbili, huyu…"

"Ongeri."

"Nahesabu betri, Mama Tabby." Alimwita hivyo kama soko zima, kwa jina la bintiye aliyeolewa mbali. "Sihesabu watu."

"Unawaonyesha kidole. Ndani ya nyumba yangu usihesabu kitu chenye macho."

"Haya, mama. Wapo." Akacheka, akamwaga betri kwenye kifuniko cha mkebe wa mafuta ya kupikia, akaendelea kufungua na kufunga. Mara mteja akapiga simu akitaka kunyolewa kabla ya kwenda mazishi. Ongeri akainuka, akakusanya zilizobaki kwa kiganja, akasema atarudi kumalizia.

Wangeci alikwenda jikoni kukoroga uji. Alimsikia Chela akikohoa mara moja, kikohozi kikavu, kisha kimya. Aliporudi mtoto alikuwa ameketi kwenye gunia na Mzee Bati mapajani, macho yana maji. Wangeci akampa kikombe. Mtoto akanywa kidogo, mengine yakatoka na kushuka kidevuni.

"Meno hayo," Wangeci alimwambia, akampangusa.

Mchana Chepkirui alimchukua. Chela hakuwa ametaka uji, lakini mtoto kukataa uji si habari.

Ilikuwa wakati wa kukunja gunia ndipo Wangeci aliona mmoja wa wale Mzee Bati amelala kifudifudi na kifuniko cha mgongo kimelegea. Akambonyeza kifua. Hakuwaka. Akafungua, ndani palikuwa patupu, na chemchemi ndogo ya waya imesimama peke yake. Akajiambia ni yule ambaye Ongeri hakumfikia. Akambonyeza mwingine, akawaka. Mwingine, hakuwaka, lakini mgongo wake ulikuwa umefungwa barabara. Akarudi kwa wa kwanza. Je, Ongeri alikuwa ameshamwekea betri, simu ikapigwa kabla ya kukaza skurubu? Au alikuwa amemfungua tu? Alijaribu kuwakumbuka walivyokuwa wamekaa asubuhi. Aliwajua wote kwa sura, lakini hawa walikuwa na sura moja.

Akapapasa sakafu, chini ya kabati la kioo, chini ya kiti cha Muchiri. Akakung'uta gunia. Kikaanguka kifungo cha shati, akashtuka kiasi cha kukaa chini.

Hapo ndipo aliposikia kilio upande wa pili wa michongoma. Hakikuwa kilio cha kawaida cha Chela. Kilikuwa na maji ndani yake.

Alitoka akasimama uani. Chepkirui alikuwa amembeba mtoto begani akimtembeza.

"Amekataa hata maziwa, Mama Tabby. Mate tu yanatoka. Akimeza analia. Kogo amemwangalia mdomoni anasema ni kimeo kimerefuka. Kuna mzee upande wa Mulot anakata, alimkatia hata bwana yangu akiwa mdogo. Tunangoja boda pale kituo cha majani."

Mzee wa kukata kimeo hutumia kisu chembamba kilichopinda. Wangeci aliwahi kukiona. Kinaingia kooni.

Alifungua mdomo aseme. Mawazoni akaona kadi yenye mtoto aliyekatwa na mstari mwekundu. Akaona pia vijana mlangoni, na Kogo akisema mimi na paka.

"Poleni," akasema.

"Asante, shosho," Chepkirui akajibu, akaingia ndani kuchukua shuka.

Wangeci hakufunga mlango. Alishuka kwenda stendi kwa njia ya mkato katikati ya chai, matope yakimvuta viatu, akiwa na yule Mzee Bati kwenye mfuko wa aproni. Ongeri alikuwa anampaka mtu spiriti kisogoni. Alipomwona uso wake alimwambia mteja, "Umependeza, nenda," na kumtoa na povu sikioni.

"Huyu ulimwekea?" Wangeci akamnyoshea lile jitu.

Ongeri aligeuza, akatazama tundu. "Kwa nini?"

"Nijibu kwanza."

"Sijui. Nilikuwa naongea na simu." Akatoa kadi na betri zilizobaki, akazimwaga kwenye taulo, akaanza kuzipanga na matundu ya kadi, midomo ikicheza. Akasimama. "Haitasaidia. Nilitoa nyingine juzi za saa ya mtu, na nyingine za rimoti. Sikumbuki. Ungeniacha nihesabu, Mama Tabby."

Hakulisema kwa ukali, ndiyo maana likamwingia zaidi.

Alimweleza. Ongeri alikaa kwenye kiti cha wateja, na kioo kikamwonyesha Wangeci nyuso zao mbili, zote zimekuwa za majivu.

"Hiyo kitu ikikaa mahali penye maji inachoma," Ongeri akasema polepole. "Niliacha moja kwenye sponji iliyolowa. Kesho yake sponji ilikuwa na shimo jeusi."

"Koo lina maji."

"Lina."

Nje mtu alicheka kwa sauti, na mashine ya kunyolea ya jirani ikanguruma.

"Lakini sikiza," Ongeri akasema, akitazama chini. "Labda ni kimeo kweli. Watoto hutoka mate. Ukisema na isiwe hivyo, umejitia mwenyewe kitanzini. Unajua hapa vile kuko. Mimi na wewe ni watu wa kuja. Kila mtu anajua nyumba yako imejaa hizi vitu, wengine hata hawapendi kupita hapo jioni. Watasema nini?"

Hayo ndiyo Wangeci aliyokuwa ameyawaza njia nzima. Alijiona amerudi nyumbani, ameketi, ametulia, na mtoto akifika Mulot ikaonekana ni kimeo tu, na kesho anaingia tena bila kubisha. Ilikuwa picha nzuri. Alikuwa karibu kuiamini. Kisha akaona kile kisu kilichopinda kikigusa chuma kooni.

"Funga duka," akamwambia. "Nenda nyumbani kwangu uwatoe wote betri. Mlango uko wazi."

Kituo cha majani kilikuwa kimejaa wanawake na vikapu wakingoja lori, kwa sababu matope yalikuwa yamelichelewesha. Karani Oyaro alikuwa ameegemea mizani. Wangeci alifika akihema, kitambaa kimeanguka shingoni.

"Mama Tabby, leo umeleta majani ama umeleta sinema?" Oyaro akamtania, na wanawake wakacheka, kwa kuwa utani huo ulikuwa wa miaka yote.

Hakumjibu. Kogo Tabutany alikuwa ameketi kwenye kreti, Chela mapajani amefungwa shuka, kichwa kimelala nyuma, mate yakishuka kama uzi. Kando ya miguu yake palikuwa na kikapu chenye chupa ya asali, zawadi ya kumpelekea yule mzee. Chepkirui alikuwa akiita boda kwa simu.

"Kogo," Wangeci akasema. Aliisikia sauti yake ni nyembamba. "Usimpeleke kwa kisu. Nafikiri amemeza betri. Ya sanamu yangu. Asubuhi, nikiwa jikoni."

Kicheko kilikatika. Mwanamke mmoja aliweka kikapu chini taratibu. Mwingine alisema kitu kwa Kikipsigis, neno moja fupi, na Wangeci, ambaye aliijua lugha hiyo vizuri, alitamani asingeijua.

Kogo hakuinua kichwa. "Unafikiri."

"Nafikiri."

"Uliona akimeza?"

"Sikuona."

"Betri imepotea?"

"Sijui, Kogo. Hatukuhesabu."

"Kwa hivyo huna hakika. Umekimbia mpaka hapa kunitisha tu."

"Ndiyo," Wangeci akasema. "Nimekuja kukutisha."

Yule mama mzee alimtazama sasa. Macho yake yalikuwa na ukungu kidogo wa uzee, na ndani ya ukungu huo Wangeci hakuweza kusoma kitu. Boda ilifika, dereva akauliza kama ni safari ya Mulot. Kogo aliinuka na mtoto.

"Hospitali. Kapkatet," akasema. Kisha akamgeukia Oyaro. "Wewe wa utani, una pikipiki. Mbebe huyu atufuate."

Njia nzima, nyuma ya Oyaro ambaye sasa hakuwa na neno, Wangeci alijiuliza anapelekwa kama jirani au kama mshitakiwa.

Hospitalini Chela alipigwa picha ya kifua bila kungoja foleni, baada ya nesi kusikia neno betri. Daktari alikuwa msichana mwembamba aliyeitwa Vivian, na viatu vya mvua chini ya koti jeupe. Aliwaita kwenye kioo cha kompyuta. Kati ya mbavu ndogo ndogo za Chela palikuwa na duara jeupe, limekaa wazi kama mwezi.

"Shilingi?" Chepkirui akauliza, na sauti yake iliomba iwe shilingi.

Daktari Vivian alifuata ukingo kwa kalamu. Ndani ya duara palionekana duara jingine. "Shilingi ina ukingo mmoja. Hii ni betri. Imekwama. Lazima itolewe leo, sasa, na hapa hatuna mpira wa kuingiza kooni kuitoa. Nimeshaita gari la kuwapeleka upande wa Bomet." Alimgeukia nesi. "Tafuteni asali, hata ya dukani."

"Asali?" Kogo akasema.

"Inafunika pale panapoungua. Haitibu, inachelewesha tu kuchoma. Na nyinyi mama, msije mkampa mtoto wa chini ya mwaka, huyu ni mkubwa. Kijiko kidogo kidogo, njiani, akiweza kumeza."

Kogo aliinama kwenye kikapu, akatoa ile chupa ya zawadi.

Chela alilamba cha kwanza akalia. Wangeci alikuwa amesimama ukutani, mbali, mikono ndani ya aproni. Wakati wa kuingia kwenye gari, nesi alisema wawili tu. Kogo alikuwa na mguu mmoja ndani alipomgeukia Wangeci.

"Ng'ombe wangu hawajakamuliwa," akasema. "Nenda."

Mlango ukafungwa.

Basi Wangeci alikwenda. Alipita kando ya kituo cha majani, pakanyamaza. Lori lilikuwa limefika, lakini hakuna aliyekuwa anapakia. Alifungua lango la Kogo, lango ambalo tangu ule mwaka hakuwa amelipita bila mwenyewe kuwepo, akaosha mikono, akakaa chini ya ng'ombe. Wa kwanza alimfahamu kuwa ni mgeni akarudisha maziwa. Wangeci aliegemeza paji la uso ubavuni mwake, akangoja. Alisikia watu barabarani wakisimama kwenye ua, wakinong'ona, wakiondoka. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo ilimfanya aache kukamua. Alifikiri: wakija, hapa jikoni hakuna mtu wa kusema mimi na paka.

Aliyekuja alikuwa Ongeri. Hakuingia langoni. Alining'iniza mfuko juu ya mti wa ua.

"Nimewatoa wote," akasema. "Ziko hapa. Nitazitupa wapi?"

"Usizitupe. Mtoto mwingine ataokota."

"Basi nikae nazo?"

"Kaa nazo. Na usiende, Ongeri. Keti hapo nje nikusikie."

Aliketi. Akaanza kupiga mluzi, kisha akaona haifai, akanyamaza. Jua lilikuwa bado halijazama simu ilipolia. Alikuwa Chepkirui, na kwanza alikuwa analia tu, na Wangeci alishika nguzo ya zizi kwa mikono yote miwili, simu imebanwa begani, akisikiliza kilio hicho kama mtu anayesikiliza maji yakipanda.

"Imetoka," Chepkirui akasema mwishowe. "Imetoka, lakini ndani pameungua. Nyeusi. Wamemwekea mpira wa chakula puani. Daktari anasema tusifurahi bado. Anasema inaweza kutoboka hata baadaye."

Woga uliofuata haukuwa wa kukimbia wala kupiga magoti; ulikuwa wa kukaa nao. Majani yalichunwa, yakaota, yakachunwa tena, na Chela alikuwa bado hospitalini. Wangeci alikamua asubuhi na jioni, akapeleka maziwa kwa karani wa maziwa, akafagia ua wa watu wengine. Hakwenda sokoni. Sanamu zilisimama kwenye kabati la kioo na migongo wazi, na yeye alipita bila kuzitazama usoni. Kuna waliomsalimu, kuna waliovuka barabara. Kila jioni Chepkirui alimpigia na kusema, "Leo amemeza maji," au, "Leo amepata joto," na yeye alilala na neno hilo moja.

Siku waliporudi, hakwenda kuwapokea. Alisikia gari, akasikia sauti za majirani, akabaki ndani. Baada ya muda mlango ukabishwa, na moyo wake ukashuka, kwa sababu Kogo Tabutany hakuwa mtu wa kubisha.

"Chamgei," Kogo akamsalimu kwa Kikipsigis.

"Chamgei mising, Kogo."

Aliingia akaketi kwenye kiti cha Muchiri bila kuelekezwa. Alikuwa amepungua. Alitazama kabati kwa muda.

"Nilifikiri njiani nikuambie uchome hizi vitu," akasema. "Nikakumbuka nani mwingine alikuwa anapenda kuchoma." Akakunja kitambaa cha meza. "Walete hapa mezani. Wote."

Wangeci aliwaleta, Rubani Kichwa Ngumu akiwa wa mwisho, kwa sababu yeye alikuwa dirishani. Meza ikajaa.

"Sasa hesabu."

"Kogo, kwetu…"

"Hata kwetu. Mimi sijawahi kuhesabu ng'ombe mbele ya mtu. Lakini hawa hawapumui. Hesabu, nisikie. Na kila siku Chela akitoka hapa utahesabu tena, na huyo kinyozi wako asilete tena taa zake."

Wangeci alishika wa kwanza. Kidole chake kilikataa kunyoka. Alimwona mjomba wake na wale mbuzi, rangi zao zote. "Moja," akasema. "Mbili." Alimgeuza kila mmoja, akatazama mgongo mtupu, akamlaza. Nje mvua ilianza kugonga mabati, naye akapandisha sauti. Kogo alifuatisha kwa kichwa. Alipowafikia akina Mzee Bati aliwabonyeza kifua mmoja mmoja, na hakuna aliyewaka. Rubani akawa wa mwisho. Akasema nambari yake, akamlaza na wenzake.

Hapo mlango ukasukumwa bila kubishwa. Chela aliingia amevaa kofia ya sufu, amekonda, kovu la plasta chini ya pua. Akapita kati ya miguu ya Kogo akaja mezani.

"Shosho," akasema. Sauti ilikuwa imekwaruzika, kama ya mtu mzima aliyelia usiku kucha. Daktari alikuwa amesema huenda isirudi.

Wangeci alikuwa na kidole bado hewani, kimenyooka, na nambari inayofuata ilikuwa tayari imefika kwenye ulimi.

Kogo Tabutany aliinuka upesi kuliko umri wake, akamziba Wangeci mdomo kwa kiganja kinachonuka maziwa na majani.

"Huyo hapana," akasema.